Tajiri Shekuwe na Nchi Isiyo na Kodi

Tulieni, hadithi imeshafika. Tajiri Shekuwe aliichukia kodi ya mfalme, akahama na ng'ombe wake mpaka nchi ya mazimwi, isiyotoza kodi.

Siku ya kwanza zimwi lilimla ng'ombe mmoja. Siku ya pili likala zizi zima. Siku ya tatu likasimama mlangoni. "Hodi, hodi, hodi."

Ulimi una mazoea yake. "Karibu," akajibu Shekuwe, na zimwi likaingia.

Akaruka dirishani akiita askari.

"Askari hulipwa kwa kodi," zimwi likacheka. "Huku hatuna."

Akakimbia, akakimbia, akakimbia hadi lango la kwao. Mlinzi akalifungia zimwi nje, kisha akanyoosha kiganja. "Kodi, bwana."

Shekuwe akashusha pumzi, akavua pete yake ya dhahabu, akaiweka kiganjani.

"Karibu," akamwambia mlinzi. "Karibu sana."