Maua ya Zambarau Katika Mtama wa Haithami

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la nchi ya Yemen, ambako mashamba yamepangwa kama ngazi kwenye ubavu wa mlima, aliishi mja mwema aliyeitwa Haithami bin Shuraih. Hakuwa mwanachuoni wala hakuwa tajiri. Alikuwa na shamba dogo la mtama, ng'ombe mmoja mwenye hasira, na mke aitwaye Zumra, mwanamke mcha Mungu mwenye subira nyingi na ulimi mwepesi. Na alikuwa na heshima moja ambayo hata wenye mali wa bonde lile waliitamani: yeye ndiye aliyekuwa mtoa mbegu.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila mwaka baada ya mavuno, masuke bora ya shamba la Haithami yalipurwa kando, na Ijumaa iliyofuata, watu wakitoka kuswali, walimjia na vikapu vyao kuchukua mbegu ya msimu mpya. Hawakulipa kitu. Babu yake alilianza jambo lile kwa ajili ya radhi za Mola wake, baba yake akaliendeleza, na watu wakaamini kwamba mbegu iliyopita katika mikono ya ukoo ule ina baraka. Haithami mwenyewe, Mungu amrehemu, aliipenda siku ile kupita kiasi. Alifua kanzu mapema, akapaka ndevu mafuta, na Zumra alikuwa akimwambia, "Leo bwana harusi yuko nyumbani, sijui bibi harusi ni nani."

Ikawa mwaka mmoja mama yake Zumra aliugua huko bonde la chini, na Zumra akaenda kumuuguza, akakaa huko takriban msimu mzima. Haithami akabaki na ng'ombe wake. Mtama ulipopita magoti, aliona vimea vidogo vikichomoza kwenye mashina, upande wa chini wa shamba, vikitoa maua ya zambarau yanayopendeza mno. Mtu mwingine angevikata kwa jembe bila kufikiri mara mbili. Lakini mja huyu alikuwa na moyo laini. Alisimama akayatazama maua yale, akasema "Subhanallah," akawaza kwamba kila kinachoota kinamsabihi Muumba wake. Basi yeye Haithami ni nani hata amnyamazishe anayesabihi? Akapalilia magugu ya sangari, akapalilia ya ndago, maana hayo hakuyaona kama yanasabihi sana, na maua akayaacha.

Mtama wa upande ule ukapauka na kudumaa. Akadhani ni mvua. Akavuna masuke ya mbegu upande wa juu, ulikostawi, akayapura kwenye uwanja wake wa siku zote ulio pale chini, kando ya maua, na mbegu akaziweka ghalani.

Zumra alirudi siku mbili kabla ya Ijumaa ya mbegu. Alipopita shambani alisimama, mzigo ungali kichwani.

"Mume wangu," akaita, "bustani hii umempandia nani?"

"Imejiotea yenyewe, bibi," akajibu Haithami kwa furaha. "Uzuri wake umenizuia mkono."

Zumra hakucheka. Alitua mzigo, akapiga magoti, akafukua udongo taratibu kwa vidole mpaka akautoa mmea mmoja pamoja na mzizi wa mtama. Vilikuwa vimeshikana, mmoja umeingia ndani ya mwenziwe.

"Hiki ni kiduha," akasema. "Kabla hujakiona juu, huwa kimeshakaa chini siku nyingi kikinyonya. Na mbegu zake ni laini kuliko vumbi. Hulala ardhini miaka na miaka zikiusubiri mtama. Baba yangu aliacha shamba zima kwa sababu yake." Akaligusa ua lililokauka, nalo likampukutikia kiganjani. "Haya yameshamwaga. Mbegu za watu ulizipuria wapi?"

Haithami aligeuka akautazama uwanja wake kando ya maua. Kisha akaenda moja kwa moja ghalani.

Alivua kilemba chake cheupe, akakitandaza chini, akazipepeta mbegu juu yake kwa ungo. Alipokiinua, kilikuwa na vumbi jembamba la rangi ya kahawia. Akakikung'uta, akapepeta tena. Vumbi likaja tena. Alipepeta hadi mikono ikamuuma, na kila mara kilemba kilimwonyesha jambo lile lile.

Hapo ndipo nafsi ilipoanza kumsemesha, na nafsi, ndugu zangu, ina maneno matamu ikitaka. Vumbi ni vumbi tu, ikamwambia. Ghala gani halina vumbi? Ukitoa mbegu hizi, kiduha hakitaonekana mpaka mwakani, na kila mtu atailaumu ardhi yake. Ukisema, utakuwa umelizika jina la babu yako kwa mkono wako mwenyewe. Basi akakaa pale, kilemba mapajani, akaona haya hata ya kumtazama mkewe aliyesimama mlangoni.

"Utawaambia?" Zumra akauliza.

"Watu wamelijua jina la babu yangu tangu hatujazaliwa, bibi. Nikisema, litaishia kwangu."

"Babu yako hakuwa akigawa jina," akasema Zumra kwa upole. "Alikuwa akigawa mbegu."

Akaenda zake kumkamua ng'ombe, akamwachia maneno yale.

Ijumaa ikafika. Watu waliswali, wakamiminika kwa Haithami na vikapu vyao, wakicheka na kuulizana hali. Ilikuwa ada yao kwamba pishi ya kwanza humwendea mtu dhaifu kuliko wote, na mwaka ule alikuwa mjane mmoja aitwaye Bi Salwana. Akasogea, akakitega kikapu chake, akaanza kumwombea dua mtoa mbegu kabla hata hajapewa.

Haithami aliijaza pishi. Aliiinua. Mkono ukagoma. Alimtazama yule mjane, ambaye shamba lake lilikuwa dogo hata ng'ombe angelizunguka kabla hajamaliza kucheua, akaona wazi kwamba vumbi lile likiingia humo, Bi Salwana hatakula mtama tena maisha yake yote. Akapiga moyo konde, akairudisha pishi ndani ya gunia.

"Jamaa zangu," akasema, "mbegu hizi zina kiduha. Kimeota shambani kwangu, nikakiona, nikakiacha kwa ujinga wangu kwa sababu kina maua mazuri. Nimepepeta, hakitoki. Asichukue mtu. Nisameheni, na Mwenyezi Mungu anisamehe."

Watu wakarudisha vikapu vyao nyuma. Kisha akasikika Mundhir, mwenye shamba la ngazi ya juu kabisa, mtu wa haki lakini mwepesi wa hasira. "Ami Haithami! Tunakuamini miaka yote, nawe unafuga magugu kwa ajili ya maua? Sasa tutapanda nini, tutapanda dua?"

Haithami akalifunga gunia. Uso ulimshuka, akangoja watu waondoke.

Lakini Bi Salwana hakuondoka. Alikuwa amekishika kikapu chake kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maua ya zambarau? Kwangu yapo tangu mwaka juzi. Niliogopa kusema. Nilidhani watu watasema marehemu mume wangu ameacha laana shambani."

Mwanamume mmoja akakohoa. "Na kwangu," akasema. "Pembeni tu, lakini yapo. Nilikuwa nikiyang'oa alfajiri watu wasione." Mwingine naye akakiri, na mwingine, mpaka ikadhihirika kwamba nusu ya bonde walikuwa na kiduha, kila mmoja akikificha kama kidonda cha mwilini, na kila mwaka wakipanda tena mtama juu yake, nacho kikinenepa. Wapo walioanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mundhir alikuwa katika ile nusu nyingine yenye mashamba safi, na hasira yake ikakosa pa kusimama. Akasema ana mbegu kiasi, si nyingi, na wenye mashamba safi watagawana hizo.

"Na sisi wengine?" wakauliza.

Zumra akatoka ndani. Akawaeleza yale aliyoyashuhudia huko kwao, bonde la chini. Kunde na ufuta, alisema, hukihadaa kiduha. Mbegu yake huamka ikidhani mtama umekuja, ikatafuta mzizi wa kunyonya, isiupate, ikafa kwa njaa. Ila haziamki zote msimu mmoja, kwa hiyo dawa yake ni kunde, na subira, na kunde tena.

Jioni ile Haithami na mkewe waliketi uwanjani na kijiti, wakalichora shamba lao juu ya mchanga. Upande wa chini kunde, wa kati ufuta, wa juu choroko. Mwaka wa pili vibadilishane. Na mtama usirudi mahali popote mpaka pawe pamepitiwa na kunde na ufuta. Kiduha kitakachochomoza king'olewe kabla hakijatoa ua, kitiwe ndani ya mfuko, kichomwe mbali na shamba, na ng'ombe asionjeshwe hata jani, asije akakirudisha shambani kwa samadi. Walibishana kidogo kuhusu choroko, Zumra akashinda, na Haithami akajiona mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Basi wakaishi hivyo. Kila siku baada ya swala ya alfajiri Haithami alipita matutani akiwa ameinama. Mwanzoni alikuwa akiomba radhi kwa kila mmea anaoung'oa, mpaka Zumra akamwambia, "Ukimaliza kuwaaga wote hawa, jua litakuwa limetukaanga." Wakala kunde asubuhi, wakala kunde jioni, wakala majani ya kunde siku za katikati. Watu walimwita Sheikh Kunde, naye akiitikia. Udongo uliokuwa umechoka ukawa mweusi na laini, ufuta ukatoa mafuta ya kutosha taa na chakula, na hata yule ng'ombe akapunguza hasira. Haithami alikuwa akisema kwamba hajawahi kulala usingizi mtamu kama wa miaka ile ambayo hakuwa mtoa mbegu wa mtu yeyote.

Hatimaye ukafika msimu ambao upande wa chini ulikuwa tayari kupokea mtama. Haithami hakuwa na mbegu. Ijumaa ya mbegu ilikuwa sasa ikifanyika kwa Mundhir, naye akachukua kikapu, akaenda kusimama pamoja na watu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukitega kikapu badala ya kushika pishi. Watu walimpisha apite mbele, akakataa. Alihisi haya kidogo, kisha haya ikaondoka, akajikuta anamwombea dua mtoa mbegu, na akajua kwa nini Bi Salwana alikuwa akianza kuomba kabla hajapewa.

Zamu yake ikafika. Mundhir aliijaza pishi, akaiinua, kisha akasita. Masikio yakamwiva kwa haya.

"Ami," akasema, "kabla sijakumiminia. Mwaka huu nimeona kiduha kwangu, vimea vichache, kwenye kona ya kusini. Nimeving'oa havijachanua, na mbegu hizi zimetoka kaskazini na nimezipura juu ya mkeka. Lakini vimeota, nawe una haki ya kujua. Nimemwambia kila mtu hapa. Ukitaka kwenda kutafuta kwingine, sitakasirika."

Haithami alimtazama yule mtu aliyemkemea mbele ya kaumu, machozi yakamlenga. Akakisogeza kikapu karibu.

"Nimiminie, mwanangu," akasema. "Bismillah."

Na wanasema desturi hiyo ilikaa katika bonde lile muda mrefu baada ya wote wawili kurejea kwa Mola wao: hakuna aliyempa mwenzake mbegu ila alimweleza kwanza aibu ya shamba lake, na hakuna aliyepokea akamcheka.

Nasi tumuombe Mwenyezi Mungu ndimi za kusema yaliyomo mashambani mwetu kabla hatujawatilia wenzetu kikapuni. Haithami alidhani atapoteza jina, na kweli alilipoteza. Bonde zima likavuna. Mola atujaalie tuwe radhi na hasara ya namna hiyo. Amin.