Mlango Uliocheza Ngoma Ukumbini

Mlango ukicheza ngoma, mgeni haingii. Methali hii mmeisikia leo asubuhi, yule bwana wa semina alipokuwa akihangaika na mapambo ya slaidi zake ukutani, na mama mmoja kule nyuma akaitamka, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nanyi mkacheka, kumbe hamjui mnachekea nini! Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya enzi za mababu wa mababu. Mwanzo wake ni kompyuta, mto, na kijana mmoja aliyejawa na hofu. Haya, kaeni niwaeleze, ila simu wekeni mfukoni. Simsimulii mtu anayechungulia mapaja yake.

Kijiji chenyewe kinaitwa Nyalupembe, huko nyanda za juu kusini, nyuma ya mto Lwangasi. Kiangazi unauvuka mto ule kwa kukunja suruali tu. Masika unafura, na Nyalupembe inageuka kisiwa. Kituo cha afya kiko ng'ambo. Mjamzito akishikwa na uchungu mwezi wa tatu, wanaume wanne wanambeba kwa machela mpaka ukingoni, halafu wanasimama na kutazamana. Kuna siku maji huwapisha, kuna siku hayawapishi. Mwaka uliotangulia kisa hiki hayakumpisha mama mmoja aitwaye Tupokigwe. Alijifungulia pale pale kwenye majani, mvua ikimnyeshea, na mtoto hakulia.

Mtendaji wa kijiji wakati huo alikuwa Lusungu, kijana mwenye stashahada yake, mpole, mwepesi wa vidole kwenye kompyuta. Mkewe, Atuganile, alikuwa na mimba ya kwanza. Walipohesabu miezi, wakahesabu tena, siku za kujifungua ziliangukia mwezi wa tatu ule ule, katikati ya masika.

Basi ikaja barua. Shirika moja la kujenga vivuko vya miguu lingejenga daraja moja wilayani mwaka ule, na lingelimaliza kabla ya mvua. Moja tu, na vijiji vilivyoomba vilikuwa vinne. Kila kijiji kifike mbele ya kamati na wasilisho la dakika saba. Kengele ikilia, unakaa. Lusungu aliisoma barua ile mara tatu. Alikuwa na siku kumi.

"Wale wakubwa nawajua," alimwambia mkewe. "Nimewahi kuwaona mkutanoni. Slaidi ya kwanza ikiwa ya baridi, wanasinzia. Wakishasinzia, hata ungewaletea mto wenyewe mezani wasingeuona."

"Si uwaoneshe huo mto kwanza?" Atuganile akauliza.

"Nitawaonesha, mke wangu. Acha kwanza niwaamshe."

Akaanza kuitengeneza slaidi ya kuwaamsha. Jina la kijiji lilikuwa linaingia herufi moja moja kutoka juu, kila herufi inadunda mara mbili ndipo inatulia. Chini yake daraja la kuchora lilijijenga lenyewe, ubao baada ya ubao, maji ya buluu yakipita. Pembeni maua yalikuwa yakifunguka. Siku ya kwanza alishughulika na herufi. Siku ya pili akabadili rangi, ya tatu akairudisha ile ya mwanzo. Siku ya tano bado alikuwa ofisini na maua.

Msimcheke. Haukuwa uvivu ule. Kila alipofungua slaidi ya pili, alikutana na picha aliyoipiga mwenyewe siku ya Tupokigwe: machela chini, shuka limelowa, wanaume wameinamisha vichwa. Uso wa pale kwenye machela anauona ni wa Atuganile. Basi anaifunga haraka na kurudi kwenye herufi zake, maana herufi hazikuwa na uchungu. Hofu ikimzidi, anaongeza ua.

Siku ya saba aliingia Bibi Tulalumba, mkunga wa kijiji, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwa na mazoea ya kumbembeleza mtu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mtendaji. Nimekuletea hesabu uliyoitaka. Kina mama kumi na saba tumewabeba kwa machela tangu masika ya juzi. Watatu nimewazalisha kule kule ukingoni." Akavuta kiti, akatazama herufi zikidunda. "Hii ndiyo habari yenyewe?"

"Hapana, Bibi. Huu ni mlango tu. Habari iko ndani."

"Haya. Mlango mzuri," akasema, akaondoka.

Lusungu aliziandika zile hesabu kwenye kipande cha karatasi, akakichomeka mfukoni. Slaidi ya pili mpaka ya sita alizipanga siku ya kumi, kwa saa mbili tu.

Walikwenda watatu: Lusungu, Bibi Tulalumba, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kidulile, ndani ya koti lake la sikukuu. Mzee Kidulile alikuwa mtu wa itifaki jamani! Msibani kwenyewe hakuanza kulia kabla wakubwa hawajatambuliwa. Walipofika kwenye korido ya ukumbi, Lusungu akamwonesha ile slaidi ya kwanza. Mzee akaitazama mpaka mwisho, macho yanang'aa.

"Weee! Hii ni kiboko. Lakini wageni wako wapi?"

"Wageni gani, Mzee?"

"Utafunguaje mlango bila kumtaja mwenye nyumba? Mgeni rasmi yumo ukumbini, mwenyekiti wa kamati yumo, wajumbe wamo. Wenzetu wakiwataja sisi tukanyamaza, daraja tutalisikia kwenye redio."

Akaenda kwa katibu wa kamati, akarudi na orodha. Majina kumi na moja, kila jina na vyeo vyake. Lusungu akatazama saa. Dakika ishirini zilikuwa zimebaki. Akayaingiza yale majina mbio mbio chini ya daraja, akayapa mwendo ule ule wa herufi kudunda, moja likimaliza jingine lianze lenyewe. Ndiyo kwanza alikuwa anamalizia la kumi na moja wakati sauti ilipoita, "Nyalupembe!" Hakupata nafasi ya kuyajaribu. Akachomeka waya.

Ukuta ukawaka. N ikadondoka, ikadunda, ikatulia. Y ikafuata. Ukumbini watu wakainua vichwa, na kweli hakuna aliyesinzia, tena kuna waliopiga makofi. Lusungu akavuta pumzi. Alijiona ameshinda.

Kisha majina yakaanza.

"Mheshimiwa," jina la kwanza likajiandika, herufi moja moja, "Mhandisi, Daktari," na ukumbi mzima ukawa unasoma kwa sauti moja mfano wa watoto wa shule. Jina la mgeni rasmi lilipokamilika, akainuka, akafunga kifungo cha koti, akageuka kulia akapunga mkono, akageuka kushoto akapunga. Makofi na vigelegele! Akakaa. Likaanza la pili. Wa pili naye, atakubali vipi kukaa wakati mwenzake ameinuka? Akainuka, akapunga. Hivyo ndivyo tufanyavyo sisi, mnajua. Ukitajwa, unasimama, watu wakuone.

Jina la nne lilipokuwa likidondoka, Lusungu alitupa jicho kwa bwana wa kengele. Dakika tatu zilikuwa zimekwenda. Akaanza kusema juu ya makofi, "Waheshimiwa, kijiji chetu..." Mjumbe wa tano akainua kiganja, anacheka, "Subiri kijana, bado sijafika." Watu wakacheka naye.

Lusungu akapeleka kidole kwenye kitufe ili aruke. Mzee Kidulile akamdaka mkono.

"Unafanya nini wewe?"

"Mzee, muda unakwisha! Naruka."

"Unaruka? Jina la Mheshimiwa limefika nusu, unamkata katikati mbele za watu? Unataka tufukuzwe humu?"

"Mzee, mke wangu..."

"Mke wako atavuka kwa daraja la nani ukiwaudhi hawa?"

Kidole kikabaki hewani. Aliyaona macho ya yule mheshimiwa yakilingojea jina lake, ameshaanza kuinuka kwenye kiti, na hakuthubutu. Bibi Tulalumba, aliyekaa mstari wa nyuma, alisimama akaita, "Bonyeza, Mtendaji!" lakini sauti yake ilimezwa na vigelegele. La saba. La nane. Lusungu alikuwa akiomba kimoyomoyo, Mungu wangu, majina yawe mafupi. La tisa lilikuwa na vyeo vinne. Akapapasa mfukoni, akaitoa ile karatasi ya hesabu za kina mama.

La kumi na moja lilipotulia, akabonyeza kwa nguvu. Slaidi ya pili ikatokea. Machela, shuka lililolowa.

"Huyu ni Tupokigwe," akasema.

Kengele ikalia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba dakika moja! Moja tu!"

"Ahsante sana, Nyalupembe. Kanuni ni kwa wote. Kijiji kinachofuata."

Kijiji kilichofuata kilileta mwalimu mmoja mwanamke, na karatasi kubwa ya manila aliyochora mto kwa kalamu nyekundu. Aliwasalimu wote kwa pamoja, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaonesha kwa kijiti mahali watoto wanapovukia kwenda shule na mahali wanapozolewa na maji. Hata dakika tano hazikuisha, akakaa. Hakupigiwa makofi, watu walikuwa kimya tu. Daraja wakapewa wao.

Wakati wa chai mgeni rasmi alimfuata Lusungu pale pembeni alipojibanza, kikombe kimempoa mkononi. Akamshika bega kwa furaha ya kweli.

"Kijana, hongera! Sijawahi kuliona jina langu likiingia namna ile. Ule ufunguzi naomba unitumie." Kisha akakunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Hivi nyie mlikuwa mnaomba nini vile?"

Mzee Kidulile, aliyekuwa karibu na sahani yake ya maandazi, akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Bibi Tulalumba.

"Daraja, mheshimiwa."

"Aa, daraja! Basi mwakani tena," akasema, akaenda kusalimia wengine.

Jioni ile kina mama wa Nyalupembe walikuwa wamejipanga ukingoni wakiwasubiri, na Atuganile katikati yao, mkono juu ya tumbo. "Vipi huko? Hawakutusikiliza?" wakauliza. Lusungu hakuweza kuinua uso. Bibi Tulalumba akaketi juu ya jiwe, akavua viatu, akasugua miguu yake.

"Watu walikuja," akasema. "Walifika mpaka mlangoni petu. Lakini mlango wenyewe ulianza kucheza ngoma, wakasimama nje kuushangilia, mpaka jua likazama. Mlango ukicheza ngoma, mgeni haingii."

Hakuna aliyecheka. Atuganile alimshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani.

Masika yakaja. Kabla mto haujafura, Lusungu alimvusha mkewe, akamweka kwa shangazi yake karibu na kituo cha afya, na yeye akarudi, maana mtendaji hawezi kukiacha kijiji kwenye mafuriko. Kwa wiki tatu alishinda roho mkononi. Kila asubuhi, maana simu hazikushika kijijini, alishuka ukingoni kupiga kelele, "Mmeamkaje huko?" na kila asubuhi shangazi alimpungia mkono kwamba bado. Siku moja hakuja mtu. Lusungu alikaa pale kwenye tope tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hali, hanywi, hajibu salamu. Mtu akimwita anasema, "Subiri kwanza." Maji yalikuwa yakipita na magogo.

Saa nane mchana shangazi akatokea ng'ambo na kifurushi kifuani. Atuganile alikuwa nyuma yake, anajikongoja, lakini yupo, amesimama kwa miguu yake. Lusungu akapiga magoti pale pale, akalia kwa sauti bila kuona aibu. Shangazi akapaza sauti, mto ukaimeza. Akakiinua kile kifurushi juu kwa mikono miwili. Lusungu akasimama, akanyoosha shingo, akaingia majini mpaka magotini, wanaume wakamkamata wasije wakampoteza. Alichokiona ni kanga ya njano, mpya, yenye maua makubwa mazuri. Uso wa mgeni wake hakuuona. Kama ni wa kike au wa kiume, hakujua.

"Siku ngapi mpaka maji yashuke?" akamuuliza Bibi Tulalumba aliyekuwa amesimama kando yake.

"Kumi. Pengine kumi na mbili."

Lusungu akafuta uso kwa mkono wenye tope. Akabaki anaitazama ile kanga mpaka shangazi alipochoka kuinua, akaishusha, wakageuka kurudi ndani. Ndipo akasema, taratibu, yeye mwenyewe, na wote waliokuwa ukingoni wakamsikia: "Mlango ukicheza ngoma, mgeni haingii."