Mbuzi wa Semeni

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ina mihogo ndani. Mezeni kwanza. Paukwa!

— Pakaaawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani hizo kunguru alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuiba, palikuwa na kijiji kikiitwa Mnazimkavu. Katika kijiji hicho mwanamke akiolewa hapewi mafiga yake siku ya kwanza. Mafiga mnayajua?

— Mawe ya kuinjikia chungu!

Ndiyo, kama haya yaliyo mbele yenu. Bibi harusi hapewi mafiga mpaka awasimulie wanawake wa nyumba ile hadithi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeujua mwisho wake. Hupewa nafasi tatu. Akishindwa zote, mafiga yake huongezwa jikoni kwa wifi yake, naye atakula chungu cha wifi hadi siku atakapopata mkwe wake mwenyewe.

— Si atakuwa mzee!

Atakuwa mzee, na bado anakula kwa wifi. Basi akaja bibi harusi mmoja jina lake Semeni. Alizaliwa katika nyumba ya watu wanaosema wote kwa pamoja, na baba yake alimpa jina hilo kwa kukata tamaa: "Semeni tu, basi!" Lakini mtoto mwenyewe akatoka mkimya. Kila neno aliligeuza huku na huku kabla halijamtoka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na akishalipata zuri, wenzake wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine.

Na wifi yake aliitwa Chiku. Chiku alikuwa anasema hata akipiga mswaki. Alisema akipika, na ndiyo maana wali wake ulikuwa wali wa namna tatu katika chungu kimoja: chini umeungua, katikati mbichi, juu bokoboko. Chumvi aliitia akianza habari, akaitia tena akiimaliza.

— Kama wali wa dada!

Kheri, dada yako amekaa nyuma yako. Kula mhogo wako kimya.

Semeni alipouonja wali ule siku ya kwanza, aliuliza kwa adabu, "Wifi, maji yako wapi?" Alipokunywa maji, akajua moyoni: lazima nipate mafiga yangu, nisipopata nitakwisha.

Jioni wanawake wakakaa mkekani. Mama mkwe, Bi Mwanamvua, akasema, "Haya mwanangu, tupe."

Semeni akakohoa. "Hapo kale palikuwa na sungura—"

"Naijua!" Chiku akadakia. "Anamdanganya fisi, fisi anabaki kisimani. Jamani tuleni, wali utapoa!"

Wali haukupoa. Katikati haujawahi kuwa wa moto.

Nafasi ya kwanza ikaenda. Semeni akamfuata mumewe, Pazi, mtu mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache kuliko hata yeye.

"Bwana, wewe umetembea. Nipe hadithi."

Pazi akajikuna. "Nilikwenda mnadani. Nikarudi."

"Na katikati?"

"Katikati palikuwa na njia."

Semeni akakata tamaa. Akawaza: hadithi ziko mbali, wanazo watu waliovuka mito, mimi nimevuka kizingiti tu. Asubuhi akaenda uani kumkunia Chiku nazi, huku machozi yakidondoka ndani ya bakuli. Akakalia mbuzi, akashika kifuu, akakuna. Meno ya mbuzi yalikuwa yamechoka.

"Mbuzi yangu hii butu kweli," akasema.

"Yangu? Hii?" sauti ikatoka chini yake.

Semeni akaruka, nazi ikaenda huku na kifuu kule.

"Mbuzi *huyu*," ile sauti ikaendelea. "Mbuzi *wangu*. Kwani mimi ni meza?"

— Mbuzi ya nazi imesema?

Mbuzi *amesema*, Sikudhani. Ukikosea atakuuma.

Semeni akatazama huku na huku, akachuchumaa. "Nisamehe, mbuzi... wangu. Uliacha lini kuwa mbuzi wa miguu?"

"Zamani," mbuzi akasema. "Nilikuwa mlafi. Nikala majani, nikala kamba niliyofungiwa, nikala kanga za mwanamke mmoja zilizoanikwa, doti nzima. Siku nilipokula mkeka na yeye amelala juu yake, akaniambia: 'Kwa kuwa hutosheki, nitakupa meno yasiyo na koo.' Tangu siku hiyo nakaa hivi, ulimi nje. Chochote ninachotafuna kinadondokea bakulini kwa watu. Kwaru-kwaru, natafuna simezi!"

Imbeni naye.

— Kwaru-kwaru, natafuna simezi!

Semeni akasahau kulia. "Maskini! Nikusimulie kwa watu?"

"Nisimulie. Ila ukinitaja ovyo, ukasema mbuzi *ya*, tutakosana."

Semeni akaahidi. Jioni akakaa mkekani, mgongo umenyooka, akaanza kwa uangalifu mkubwa:

"Leo asubuhi, mbuzi wangu wa kule uani aliniambia—"

"Una mbuzi?" Chiku akasimama. "Wifi, umekuja na mbuzi? Yuko uani na hukusema?"

"Wifi, ngoja, ni mbuzi wa—"

"Jamani! Bibi harusi kaficha mbuzi!"

Neno mbuzi, watoto wangu, lina miguu minne kweli. Kabla Semeni hajafunga kinywa, neno limefika nyumba ya mwisho. Mzee mmoja akaja na kisu chake, anakinoa njiani kwenye kila jiwe. Jirani akaja na chumvi. Mwingine alikuwa amekwisha kumenya vitunguu saumu, na hakuna aliyejua aliamua saa ngapi.

"Mbuzi wa harusi haulizwi umri!" akasema mwenye kisu.

"Mie nataka maini," akasema mwenye chumvi.

"Maini ni ya mama mkwe, usianze!"

Wakamsaka migombani, wakamsaka nyuma ya choo. Kila mmoja aliita, "Mee! Mee!" na kila aliyesikia mee ya mwenzake alipiga kelele, "Namsikia! Yuko upande ule!" Pazi naye akachukua kamba, akazunguka nyuma ya jiko kimyakimya, kama mwindaji. Mara wakamsikia akilia:

"Nimempata! Mamaa! Mbuzi kaniuma!"

Wakakimbilia huko wote. Wakamkuta Pazi anaruka kwa mguu mmoja, ameshika kidole, na mbele yake mbuzi wa nazi amekaa ulimi nje.

— Hahahaa! Kajikwaa!

Kajikwaa, na kidole kimetafunwa lakini hakikumezwa. Watu wakatazamana. Mwenye kisu akakificha nyuma. Mwenye vitunguu saumu akaondoka bila kuaga, ila harufu yake ilibaki.

Bi Mwanamvua akatikisa kichwa. "Mwanangu Semeni, hadithi haikufika mwisho, na isiyofika mwisho ni nafasi iliyopotea. Imebaki moja."

"Pole wifi," Chiku akasema, tena kwa furaha. "Kesho nitapika maharage!"

— Maskini Semeni!

Kesho yake Semeni akaambiwa apepee moto wa yale maharage. Moto ulikataa, moshi ukamjaa machoni. Akakipunga kipepeo kwa hasira, kile cha kuti kilichosukwa. Akasema, "Na wewe? Wewe je, na wewe ulikuwa mdudu?"

"Bila shaka!" kipepeo kikajibu. Chenyewe hakikujali habari za *ya* na *wa*, ilimradi kisikilizwe. "Nilikuwa na mabawa mawili yenye madoadoa. Kila ua lilikuwa rafiki yangu, nikachukua habari za ua hili nikazipeleka ua lile. Maua yakagombana, nikafukuzwa bustanini. Sasa nina bawa moja tu, tena liko mkononi mwa mtu. Pepe-pepe, naruka siendi!"

— Pepe-pepe, naruka siendi!

"Na umbea umeacha?" Semeni akauliza.

"Nimepunguza. Lakini kwa kuwa umeuliza..." Kipepeo kikashusha sauti. "Unajua kabla hujaolewa Chiku alikuwa akisema na nani jikoni? Na mimi. Watu wa nyumba hii walikuwa wanakula haraka, pua wameziba, wanaondoka. Habari zake zote nilizisikia mimi. Ulipokuja wewe, akapata mtu anayekaa. Ukipata mafiga utakwenda zako. Unadhani kwa nini anazimaliza hadithi zako mbiombio?"

Semeni akaacha kupepea. Hilo hakuwa amelifikiria. Akamtazama Chiku, aliyekuwa mlangoni akiyaeleza maharage jinsi jirani alivyonunua ndoo inayovuja, kisha akaja akatia chumvi, akarudi mlangoni.

Semeni akainua mwiko uliokuwa chunguni. Akaunong'oneza, "Haya, na wewe? Huyu wa kutafuna kasema, huyu wa kuruka kasema. Wewe unayezama, niambie."

"Mwiko," mwiko ukasema.

"Jina lako nalijua."

"Hilo si jina. Hilo ni jibu. Kusema yaliyomo katika chungu cha mtu ni mwiko."

"Neno moja tu."

"Kila siku nazamishwa hadi shingoni. Chini nimepaona, kati nimepaona, juu nimepaona. Ningekuwa msemaji, nyumba hii ingekuwa inapigana mpaka leo. Nazama, sisemi."

— Nazama, sisemi!

Ukanyamaza. Semeni akaugongagonga ukingoni mwa chungu, haukutoa neno.

Jioni ikafika. Siku hiyo walikuja majirani pia, hata mwenye kisu, ila alikiacha kwake. Semeni alikaa mkekani. Akijikwaa hapa, maharage ya Chiku ndiyo maisha yake. Akawaza: nisiposema kuwa mbuzi ni wangu wala kuwa yuko uani, safari hii hawatakimbia kumsaka.

Akaanza:

"Palikuwa na mbuzi mmoja asiye na miguu ya kukimbilia."

"Naijua!" Chiku akasema. "Anapewa miguu na... na kobe?"

"Hapana, wifi. Alitafuna, hakumeza." Akasimulia kamba, akasimulia doti ya kanga, akasimulia mkeka. Kwaru-kwaru, natafuna simezi! Wanawake wakaanza kuitikia.

"Basi akafa na njaa," Chiku akasema.

"Hakufa. Wanawe walikula vile alivyotafuna yeye, wakanenepa. Akapata rafiki, kipepeo mwenye bawa moja."

"Kipepeo akaanguka!"

"Hakuanguka, alishikwa mkono. Pepe-pepe, naruka siendi. Na palipokuwa na moto uliokataa kuwaka, aliitwa yeye, moto ukainuka kumwamkia."

Chiku akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akakifunga. Watu wa nyumba ile walisema baadaye kwamba walidhani anaumwa.

"Wakapata na rafiki mwingine," Semeni akaendelea, "mrefu, mwembamba, anayeoga katika maji ya moto kila siku wala hababuki. Huyo alijua siri ya kila nyumba. Mbuzi akamwomba aseme, akakataa. Kipepeo akambembeleza, akakataa. Nazama, sisemi."

"Huyo ni mwiko!" Bi Mwanamvua akapiga makofi. "Na mbuzi ni huyu wa nazi! Lo! Na tulivyomsaka na visu!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Pazi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ukuta, akatazama kidole chake, akacheka naye. Lakini Chiku hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Halafu?" akauliza.

Kicheko kikakatika.

"Halafu nini, wifi?"

"Huyo mwiko. Ni wa humu jikoni kwangu, si ndiyo? Umezama katika chungu changu. Umesemaje juu ya wali wangu?"

Semeni akamtazama Chiku. Akaona macho ya mtu anayengoja. Maneno yote yalikuwa yamempanda: chini umeungua, katikati mbichi, juu bokoboko. Akachagua kama nyanya. Akapata moja.

"Wifi yangu," akasema, "mwiko umesema ni mwiko kusema."

Kisha Chiku akalipuka kwa kicheko, akacheka mpaka akamlalia Semeni mapajani, naye Semeni akacheka, na machozi ya mmoja yakalowesha kanga ya mwingine.

Bi Mwanamvua akainua mkono. "Chiku mwanangu! Umeuliza *halafu*. Tangu uzaliwe, hujawahi kuuliza halafu. Basi mwisho wake hukuujua. Pazi! Acha kujificha ukutani, kamletee mkeo mafiga!"

Pazi akayaleta mawe kwa hayo mabega yake. "Niyaweke wapi?"

Chiku akaacha kucheka. Akatazama chini.

Na Semeni, safari hii bila kugeuza neno hata kidogo, akasema, "Weka palepale jikoni, kando ya mafiga ya wifi. Tupokezane moto."

Yakawekwa. Tangu siku hiyo Semeni alipika, Chiku alisema, kila mtu akafanya alichojaliwa, na mwiko ukaoga kwa raha.

Basi watoto, anayetafuta hadithi asianze kwa kufunga safari. Akiulize kwanza kitu alichokishika mkononi, tena kwa heshima, na amtazame vizuri aliyekaa naye moshini.

— Shangazi, na jembe je? Na kinu?

Sikudhani, toa sikio kwenye kinu, kimelala.

Hadithi yangu imeishia hapo. Imekaa kitako, inapumua. Anayeipenda aibebe, asiyeipenda aiache palepale, atapita mwingine aiokote.