Mkaguzi Aliyempeleka Mkewe Kuona Bahari

Isome hii ukiwa umetulia, kisha mpelekee mtu mmoja tu: yule unayekaa naye nyumba moja.

Huko Njombe, kwenye ukungu na baridi ya kung'ata masikio, aliishi mkaguzi wa shule mstaafu aitwaye Obadia Mlowe. Majirani walimwita Baba Ahadi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka shuleni na daftari mkononi. Vyoo, tiki. Madawati, tiki. Paa linalovuja, alama ya mkasi. Alikuwa mtu mwema, lakini kazi ile ilimwingia mwilini. Hata sokoni alikwenda na orodha, na akirudi aliikagua kabla ya kuvua viatu.

Mkewe, Yustina, alikuwa fundi cherehani. Mwaka mmoja macho yakaanza kumsumbua. Hospitali ya rufaa wakasema ni presha ya macho.

"Kilichokufa hakirudi," daktari aliwaambia. "Tunachoweza ni kuchelewesha. Labda mwaka, labda miwili."

Walirudi nyumbani, wakafika karibu na lango lao. Hapo Baba Ahadi akasimama.

"Mama Ahadi, wewe hujawahi kuiona bahari."

"Sijawahi."

"Basi utaiona."

Kuanzia siku hiyo akawa kama kijana anayeandaa harusi. Aliuza ndama, akapiga simu kwa watu wa mabasi, akaulizia kwa kila mtu aliyewahi kufika pwani. Akachagua mji mmoja wa kaskazini, uliosifiwa kwa bahari yake tulivu, majumba ya kale na vyakula. Akaandika kwenye daftari mahali kumi na nne pa kutembelea na vyakula tisa vya kuonja. Kila jioni alimsomea mkewe ile orodha, na kila jioni iliongezeka kidogo.

Mwezi wa Tisa wakasafiri. Siku mbili ndani ya basi, miguu ikavimba, lakini wakafika.

Kwa siku tatu waliutembea mji ule kama watu wanaokimbizwa. Walikwenda ufukweni. Walikwenda kwenye mnara wa saa. Walikwenda kwenye majumba ya zamani yenye roshani za mbao, kwenye magofu ya msikiti uliokumbatiwa na mizizi, na kwenye soko la samaki. Yustina alimshika mumewe mkono muda wote, naye Baba Ahadi akafurahi moyoni, kwa kuwa tangu ujana wao hawakuwahi kutembea hivyo mbele za watu.

"Umeona?" alimuuliza kila walipofika.

"Nimeona. Pazuri."

"Simama hapo nikupige picha. Geuka huku. Sio huko, huku! Haya, tabasamu."

Akipiga picha, anatia tiki, wanaondoka.

Mchana walikula kwenye hoteli ndogo ya Bi Mwanaidi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mzuri wa kupika. Baba Ahadi alizuia kila sahani isiguswe mpaka aipige picha, na mara nyingi chakula kilipoa kikingoja. Siku ya pili waliletewa mkate wa ajemi na mchuzi, na pembeni bakuli la pilipili ya kusaga. Yustina akachovya mkate kwenye pilipili, akala tonge zima. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Tamaa hiyo, Mama Ahadi!" mumewe akacheka.

Naye akacheka, akijifuta kwa pindo la kitenge. Bi Mwanaidi hakucheka. Alimtazama yule mama, akamtazama mumewe. Alisogeza tu bakuli la mchuzi mpaka likagusa vidole vya mgeni wake.

Siku ya nne ilikuwa ya mapango.

Mapango hayo yako nje ya mji, ndani ya mwamba, na humo ndani hakuna taa. Kikundi chao kilikuwa cha watu tisa. Mwongoza wageni aliitwa Bwana Shekue, mtu mzima mpole, mwenye tochi kubwa. Kabla ya kuingia aliwaonya.

"Tutembee pamoja. Kuna njia nyingi humu, na mbele upande mmoja kuna shimo refu. Tafadhali, asibaki mtu nyuma."

Waliingia. Katika chumba cha tatu kulikuwa na mawe yaliyoning'inia kutoka juu kama kitambaa kilichoanikwa. Baba Ahadi alivutiwa. Akapiga picha moja, haikumridhisha. Akapiga ya pili, ya tatu. Mwanga wa Bwana Shekue ukapinda kona, ukapotea.

"Twende, wametuacha," Yustina alisema.

"Moja tu ya mwisho."

Alipobonyeza, simu ikazimika. Alikuwa ameitumia kupiga picha tangu alfajiri. Akaibonyeza tena na tena, haikuwaka.

Giza la pangoni si kama giza la nyumbani umeme ukikatika. Baba Ahadi aliinua mkono mbele ya uso wake, hakuuona. Akaita. Sauti yake ikamrudia kutoka pande nne. Akasikia watu wakizungumza mbali, akadhani wako kulia, akakurupuka kuelekea huko, na paji la uso likagonga mwamba.

Popo wakaruka. Akachuchumaa, akashika kichwa.

"Baba Ahadi." Sauti ya mkewe ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemwita mezani. "Usisogee. Shimo liko upande huo."

"Utajuaje liko wapi?"

"Tulipoingia hapa niliisikia sauti ya yule bwana ikizama alipoligeukia shimo kulionyesha. Nyoosha mkono. Na mwingine. Haya, nimekushika."

Akamsimamisha. Kilemba chake kikampapasa mumewe shavuni, alipokuwa akigeuza uso polepole.

"Upepo unatoka huku. Wakati wa kuja ukuta ulikuwa mkono wangu wa kushoto, sasa uwe wa kulia. Nifuate, usiniachie."

Wakaanza kutembea. Yustina alihesabu kwa sauti ya chini. Arobaini na mbili, arobaini na tatu. "Inama hapa, wakati wa kuja jiwe lilinigonga kilemba." Akainama, na kweli jiwe likampapasa mgongoni. "Sasa ngazi saba. Ya nne ni mbovu." Ya nne ilikuwa mbovu.

Hakujikwaa hata mara moja. Baba Ahadi aliyekuwa akimburuta mji mzima, sasa alimfuata kama mtoto anayepelekwa shule.

Kisha wakatoka.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilimchoma Baba Ahadi machoni akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alipochungulia kati ya vidole, akamwona mkewe anaendelea kutembea, uso umeinuka kuelekea jua kali, macho wazi kabisa, hapepesi. Alikuwa akienda moja kwa moja kwenye uzio.

Akamrukia, akamvuta.

"Mama Ahadi! Huioni hiyo seng'enge?"

Yustina akasimama. Akanyoosha mkono taratibu, kidole kikaugusa mwiba wa ule waya.

"Kumbe kuna seng'enge," alisema.

Baba Ahadi akamtazama machoni. Akapunga mkono mbele ya uso wake. Akapunga tena.

"Tangu lini?"

"La kulia lilikwisha kabla ya Pasaka. La kushoto, mwezi wa Sita, wiki ya mwisho."

"Miezi mitatu? Na nyumbani unapika, unafagia, unakwenda bombani!"

"Nyumba ile nimeifagia miaka thelathini na nne. Inanijua."

"Na cherehani?"

"Nilikwambia vidole vinauma. Ukaninunulia dawa ya kuchua."

Baba Ahadi akakaa juu ya jiwe. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwa nini hukuniambia, Yustina?" Hakumwita hivyo mara nyingi.

"Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye simu na watu wa basi, ukaniinulia kidole ningoje. Mara ya pili ulikuwa unanisomea majina ya vyakula, na sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu ustaafu. Nikasema, nikimwambia ataifuta safari, atanipeleka hospitali ya nne, na mimi hospitali nimezichoka."

"Sasa huku tumekuja kufanya nini, kama huoni?"

"Mimi nimekuja baharini. Nimeisikia, nimeinusa, chumvi yake nimeionja. Sijutii." Akauachia ule waya. "Lakini tangu tufike, kila mahali unaniuliza, 'Umeona?' Nami nakujibu, 'Nimeona.' Siku nne sasa. Hujaniuliza hata mara moja nimeona nini."

Baba Ahadi akairudisha miwani usoni.

Bwana Shekue akatoka pangoni mbio, jasho linamtiririka. Alikuwa amehesabu watu, akakuta saba.

"Alhamdulillahi! Mmetokaje bila taa?"

"Mke wangu ndiye amenitoa," alisema Baba Ahadi.

Alasiri hiyo orodha ilikuwa na mahali pawili zaidi. Hawakwenda. Walirudi ufukweni, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, na Baba Ahadi akasema, "Ngoja nikueleze."

"Nakusikiliza."

"Bahari ni kubwa."

"Eeh."

"Ni ya bluu."

"Hata ile ya kwenye kalenda ilikuwa ya bluu. Niambie hii."

Mkaguzi akakwama. Alikuwa amepiga picha kumi na saba za maji yale, na kumbe hakuwa ameyatazama. Akayatazama sasa, kwa muda mrefu, mpaka mkewe akadhani amesinzia.

"Hapa karibu," alianza, "maji ni kama chai ya rangi, kwa sababu ya matope. Mbele kidogo yanakuwa ya kijani, kama parachichi ukilikata, pale karibu na ganda. Kisha kuna mstari mweupe mwembamba, unakuja na kukatika. Baada ya hapo ndiyo bluu, lakini bluu nzito, kama ile sare uliyowashonea wanakwaya."

"Ile iliyochuja?"

"Kabla haijachuja."

Yustina akatabasamu. "Na watu?"

"Kuna mama mmoja ameingia majini mpaka magotini, na ndoo kichwani. Anatafuta kitu kwenye mchanga. Anatafuta kwa miguu, hainami."

"Kwa miguu!" Yustina akacheka kwa sauti. "Mwenzangu huyo."

Kesho yake walirudi kwa Bi Mwanaidi. Akawaletea samaki wa kupaka, na simu ya Baba Ahadi ikabaki mfukoni. Akamwambia mkewe kila bakuli liko wapi. Yustina akala polepole, kisha akasema, "Nazi hii imekunwa leo leo. Kuna ndimu, kuna manjano kidogo. Na moto wake haukuwa wa mkaa. Una utamu fulani. Ni vifuu vya nazi?"

Bi Mwanaidi, aliyekuwa akipita na sinia, akasimama.

"Watu wamekula hapa miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kunitajia vifuu. Mama, karibu jikoni."

Akamshika mkono, wakaingia wote wawili. Baba Ahadi akabaki peke yake na mfupa wa samaki, akisikia vicheko vya wanawake nyuma ya pazia. Akaonja tena ule mchuzi, safari hii macho yakiwa yamefumba, akajaribu kuutafuta huo utamu wa vifuu. Hakuupata. Ilimbidi akubali kwamba chakula kile alikuwa anakifahamu kwa jina tu.

Walikaa siku tano zaidi. Mahali sita kwenye daftari hapakufikiwa kamwe.

Sitakudanganya kwamba macho ya Yustina yalifunguka. Hayakufunguka, na daktari alisema kweli. Na safari ya kurudi ilikuwa ndefu kama ile ya kwenda.

Lakini katika basi, Baba Ahadi alikaa dirishani na mkewe pembeni yake, akawa anamweleza njia. Mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama nywele zilizosukwa. Muuza machungwa anayebishana na mbuzi. Milima iliyojifunika wingu nusu. Alieleza asubuhi nzima, na kila alichoeleza mkewe alikiulizia swali. Walipofika Mikumi sauti ilikuwa imeanza kukauka.

"Twiga watatu, kando kabisa ya barabara. Wawili wamevuka. Yule mdogo amebaki upande huu, ameinua mguu mmoja, ameushusha, ameuinua tena..."

Sauti ikakatika. Akatafuta chupa ya maji miguuni pake, na ndipo akagundua kuwa basi zima limetulia. Konda alikuwa ameshapunguza redio, Baba Ahadi hakujua tangu saa ngapi.

Mama mmoja wa kiti cha katikati, mbali na madirisha, akainuka kidogo.

"Samahani, baba," alisema. "Huyo mdogo amevuka au bado?"

Funzo: Kumfikisha mtu mahali si sawa na kuwa naye hapo. Kabla hujampangia mwenzako safari, mpe masikio yako, maana huenda anatembea gizani huku umemshika mkono.