Siku Ngeleja Aliposema Kweli

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwepo na ulikatika kama kawaida, palikuwa na karakana ya kukereza vyuma. Mhandisi wake mkadiriaji aliitwa Ngeleja. Kazi yake ilikuwa kusema mapema: kazi hii itataka chuma kiasi gani, muda gani, unene gani. Na kila mara alidanganya. Aliongeza unene wa nywele mbili, akisema, "Chuma hupunguzwa, hakiongezwi."

Masunga, fundi wa mashine, alimjua, basi alikuwa akipunguza unywele mmoja. Nyamizi, mkaguzi, alimjua Masunga kwa woga wake wa kukata kupita kiasi, basi alikuwa akipiga msasa, unywele wa pili ukaenda. Kazi ikatoka sawasawa! Uongo wao ulikuwa umezoeana, na wateja walisifu.

Siku moja akaja Mama Siwema, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Shafti, chuma kinachoizungusha, imekatika, na kesho anamwoza binti yake. Alileta kipande cha chuma, na mjini hakuna kingine.

"Ngeleja, mwanangu, mji mzima unajua wewe mwongo. Leo niapie utasema kweli tupu."

Ngeleja akaapa. Akatoa kipimo halisi, bila unywele. Hakumwambia mtu, nani hutangaza kwamba leo hadanganyi?

Masunga akapunguza unywele wake. Nyamizi akapiga msasa wake. Mikromita, kifaa cha kupimia unene, ililala sandukuni, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Shafti ikafungwa, ikapwaya, mashine ikatetemeka na kufa.

Asubuhi Mama Siwema akarudi analia, kabeba kinu na mchi. "Wakwe watakula nini? Aibu hii nitaipeleka wapi? Mmoja wenu atautwanga mpunga wote, mbele yao!"

"Si mimi," akasema Ngeleja. "Mtu hutwangishwa kwa kusema kweli?"

"Si mimi," akasema Masunga. "Nilirekebisha uongo wako kama siku zote. Ungeniambia umeokoka!"

"Si mimi," akasema Nyamizi. "Chuma kilinifikia kimeshaharibika. Mimi nilikiharibu kidogo tu."

Kisha wote wakamgeukia mteja. "Na wewe, mama, nani alikutuma umwapishe mtu aliyekuwa akidanganya vizuri?"

Mama Siwema akautua mchi katikati yao. Barabarani vigelegele vya wakwe vilikuwa vinakaribia.

Haya, ninyi mnaocheka: mpunga haujakobolewa, wageni wana njaa, na mchi ni mmoja. Je, nani aushike?