Watu wa Siku Isiyokuwapo

Mwanamke mmoja alikuwa na mashine mbili, moja kuukuu na moja mpya, na watu elfu kumi na moja mia mbili na sita ndani ya ile kuukuu. Jina lake Nakiete. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa zahanati ya usharika, juu kwenye milima ya Upare, na watu hao ndio wagonjwa wote waliopata kutibiwa pale tangu zahanati ilipofunguliwa. Kila mmoja alikuwa na mstari wake: jina, siku ya kuzaliwa, kijiji, ugonjwa, dawa aliyopewa, na dawa asiyopaswa kupewa kamwe. Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya Nakiete aione kazi yake kuwa nzito. Mganga akisoma vibaya, mtu hufa. Akikosa cha kusoma, mtu hufa vilevile.

Seva ile kuukuu haikuwa imeharibika. Ilikuwa imezeeka tu. Walioitengeneza programu yake walikuwa wametangaza kwamba hawataiangalia tena, na ufa wowote utakaotokea hautazibwa. Toleo jipya lilikuwa tayari, lenye kasi na ulinzi, ndani ya seva mpya iliyotolewa kwenye boksi wiki hiyohiyo. Barua ya wilaya ilisema ile ya zamani izimwe Ijumaa saa sita mchana. Basi siku ya Jumatatu fundi akapanda mlima. Aliitwa Elinami Mrutu, mtu mzima, mcheshi, mwenye viatu visivyofaa kwa tope la kule.

Nakiete alimpa masharti matatu kabla hajafungua mkoba wake. Kwanza, itolewe nakala ya watu wote, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye mashine nyingine na isomwe, maana nakala ambayo haijasomwa na mtu ni tumaini tu. Pili, uhamisho wa kwanza uwe wa majaribio, zahanati ikiendelea kutumia ile ya zamani. Tatu, ya zamani isizimwe mpaka watu wahesabiwe upande wa pili. Mama yake alipohama nyumba aliuacha moto wa jiko la zamani ukiwaka mpaka chakula cha kwanza kilipoiva kwenye jiko jipya. Majirani walimcheka, lakini wanawe hawakulala njaa. Mrutu alisema amekwisha kuhamisha hospitali nzima bila kuhojiwa hivi, na kwamba hata siku aliyokwenda kuposa hakuhojiwa hivi. Hata hivyo aliyatimiza masharti yote.

Jaribio lilifanyika Jumanne asubuhi. Upande mmoja walitoka watu elfu kumi na moja mia mbili na sita. Upande wa pili walifika elfu kumi mia saba tisini na wanne. Watu mia nne kumi na wawili walikuwa wamebaki mlangoni.

Sababu ilikuwa moja kwa wote, nayo seva mpya iliiandika mara mia nne na kumi na mbili bila kuchoka: siku ya kuzaliwa si siku. Mrutu akageuza kioo cha mashine ili Nakiete aone. Mahali pa tarehe palikuwa na sifuri tupu. Siku sifuri, mwezi sifuri, mwaka sifuri. Akaeleza kwamba toleo la zamani lilikuwa kama mwenyeji asiyetaka ugomvi. Ukimpa chochote kinachofanana na tarehe, anapokea na kunyamaza. Toleo jipya huiuliza kalenda kwanza. Siku ya sifuri ya mwezi wa sifuri haimo katika kalenda yoyote, kwa hiyo mwenye siku hiyo haingii. Kisha akauliza, kwa utani, ni karani gani huyo aliyewazalisha watu kabla ulimwengu haujaumbwa.

Nakiete hakucheka. Karani huyo alikuwa yeye.

Miaka kumi na minane nyuma, zahanati ilipoacha kadi za karatasi na kuanza kutumia mashine, ndiye aliyeketi akawaingiza watu mmoja mmoja. Kadi za vijana zilikuwa na tarehe. Kadi za wazee zilikuwa na maneno. Huyu alizaliwa mwaka wa nzige. Yule alizaliwa barabara ilipokuwa ikichimbwa, na mwingine msimu ule ambao maharage yaliozea shambani. Mashine haikuwa na nafasi ya nzige wala ya maharage. Ilikuwa na nafasi ya tarehe. Angeweza kuiacha wazi, lakini msimamizi wa wilaya alikuwa na desturi ya kuhesabu nafasi zilizoachwa wazi na kuziita uzembe, na Nakiete alikuwa mtu ambaye angestahimili njaa kuliko neno hilo. Akaandika sifuri. Nafasi ikaonekana imejazwa. Msimamizi alipokuja hakukuta pengo hata moja, akamsifu mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo Nakiete akazoea kusema, bila kupaza sauti, kwamba kumbukumbu zake hazina pengo.

Sifuri zile hazikumsumbua mtu. Mashine ilipotakiwa kutaja umri wa wazee wale, ilitaja miaka elfu mbili na ushei. Wauguzi wakacheka, wakampitisha mzee mbele ya foleni kwa heshima ya umri wake, kazi ikaendelea.

Mrutu alikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kulegeza ukali wa toleo jipya, lipokee sifuri kama la zamani lilivyopokea. Nakiete aliikataa papo hapo. Mtu haweki mlango imara kisha akaulaza wazi. Ya pili ilikuwa nyepesi zaidi. Watu wote mia nne kumi na wawili wapewe tarehe moja, tuseme Januari mosi ya mwaka fulani wa zamani. Ni amri moja tu, ya dakika moja, na yeye angeshuka mlima kabla ya mvua.

“Mama, hiyo ni tarehe halali kabisa,” alisema. “Mashine itaridhika, na wilaya itaridhika. Nani atajua?”

Nakiete alikaribia kukubali, wala jambo hilo lisifichwe. Alipima yaliyo mbele yake. Akikubali, taarifa ya Ijumaa ingekwenda wilayani safi kama zote zilizotangulia. Akikataa, ingekwenda na mapengo mia nne na kumi na mawili, na chini yake sahihi yake mwenyewe, miaka miwili kabla ya kustaafu. Akaomba apewe mpaka kesho.

Jioni hiyo, kabla ya kufunga ofisi, aliiuliza mashine ni wangapi katika orodha waliozaliwa kweli Januari mosi. Ikamjibu: thelathini na mmoja. Akawafikiria hao. Sifuri, kila aliyeiona aliicheka, na kwa kuicheka alijua kwamba hapa hapajulikani. Tarehe ya uongo hakuna atakayeicheka. Muuguzi wa miaka kumi ijayo ataiamini, atapima dawa kwa umri huo, na wale thelathini na mmoja wa kweli watapotelea katikati ya mia nne na kumi na wawili waliosingiziwa. Haya yote aliyaona vizuri. Lakini kuona ni jambo moja, na kutia sahihi ni jingine.

Jumatano asubuhi shangazi yake Nangena, dada wa baba yake, alifika kuchukua dawa zake za presha. Alikuwa mmoja wa wale waliobaki mlangoni. Mstari wake ulisema asidungwe penisilini, kwa sababu zamani alidungwa mara moja, koo likamfunga, akarudishwa duniani kwa shida. Nakiete aliyajua hayo tangu utotoni. Muuguzi aliyeajiriwa mwezi uliopita hakuyajua. Angejua yale tu ambayo mashine ingemwambia.

Nakiete akamkalisha shangazi yake ofisini akamuuliza tena alizaliwa lini. Nangena akajibu kama alivyojibu siku zote: mwaka wa nzige, mama yake akiwa shambani anagonga debe kuwafukuza. Akataka kujua kwa nini aulizwe leo, au kuna mchumba ametokea anayependa wasichana. Nakiete akamweleza alichokuwa ameandika kwenye mstari wake miaka yote hiyo. Alitarajia mama huyo acheke, maana alipenda kujitania kwa umri wake wa miaka elfu mbili, na aliwahi kumwambia mchungaji kwamba anawakumbuka watu wa Biblia kwa sura. Safari hii hakucheka. Aliuliza siku ya sifuri ni siku gani. Nakiete akasema ni siku isiyokuwapo.

Mama mzee akakaza kanga yake kifuani.

“Siijui siku yangu, mwanangu, lakini ilikuwapo,” alisema. “Mama yangu alishikwa na uchungu siku hiyo. Kama huijui, acha wazi. Usiniandikie kwamba haikuwapo.”

Akachukua dawa zake akaenda zake.

Nakiete alirudi kwa Mrutu na neno moja: nafasi ya tarehe ifunguliwe, iweze kuachwa tupu, na pembeni yake iongezwe nafasi nyingine ya maneno ya mwenyewe. Mrutu alinung’unika, maana kazi ya dakika moja ilikuwa imegeuka kazi ya siku mbili. Lakini alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli huijua kazi iliyo sawa hata kama haitaki. Alimweleza kwamba kwa mashine, tupu na sifuri si ndugu. Sifuri ni jibu. Tupu ni kukiri kwamba jibu halipo, na mashine ikikuta tupu haithubutu kubuni umri. Akazibadilisha fomu za wauguzi, ili pasipo na tarehe waone maneno haya: umri haujulikani, muulize mwenyewe.

Wakati huohuo Nakiete akafungua kabati la kadi za karatasi, ambazo hakuwahi kuzitupa, akazitoa zote mia nne na kumi na mbili. Mia mbili sitini na nane zilikuwa na maneno. Akayanakili kama yalivyosemwa, nzige kwa nzige, bila kuyatafsiri kuwa mwaka. Mia moja arobaini na nne hazikuwa na neno lolote. Hizo aliziacha tupu pande zote mbili, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kila alipoiacha nafasi moja wazi, kidole kilitaka kurudi. Mkono uliozoea kufunika hauachi kwa kuambiwa mara moja. Kufikia ya hamsini ulikuwa umetulia. Kufikia ya mia alikuwa anafanya kazi kwa moyo mweupe, upesi, kama mtu anayetua kuni alizobeba kutoka mbali.

Alhamisi alasiri walijaribu tena. Walitoka elfu kumi na moja mia mbili na sita. Walifika elfu kumi na moja mia mbili na sita. Nakiete hakuridhika na hesabu peke yake, kwa sababu hesabu huweza kutimia na watu wakawa si wao. Akachagua mia, na wakawasoma kwa sauti, Mrutu kwenye seva mpya na yeye kwenye ya zamani, kadi zikiwa kando yake, neno kwa neno, mpaka wa mia. Wa kwanza alikuwa Nangena. Tarehe: tupu, palipokuwa na sifuri. Maneno yake: mwaka wa nzige. Asidungwe penisilini.

Ijumaa asubuhi, uhamisho wenyewe ulipokwisha, alituma taarifa wilayani. Haikupita saa moja msimamizi akapiga simu. Ni yuleyule aliyemsifu zamani, sasa ana mvi. Alitaka kujua imekuwaje kumbukumbu zisizokuwa na pengo kwa miaka kumi na minane zipate mapengo mia nne na kumi na mawili kwa wiki moja. Alikuwa na jibu lake tayari, na kwa wema wake akampa: bila shaka seva mpya imeharibu, au fundi ameharibu, aseme tu, na jina lake litabaki lilivyo. Mrutu aliyasikia hayo, maana simu ilikuwa na sauti kubwa. Akaacha kukunja nyaya.

“Seva haijaharibu kitu, wala fundi,” Nakiete alisema. “Mapengo ni yangu, bwana. Yalikuwapo siku zote. Niliyafunika kwa sifuri ili usiyahesabu.”

Msimamizi alikuwa na zahanati nyingine kumi na mbili chini yake, na zote, mwaka hadi mwaka, zilikuwa zimemletea taarifa zisizo na pengo hata moja. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alimwuliza ni jinsi gani mtu anaweza kuzitafuta hizo sifuri. Nakiete akamweleza, taratibu, na akasikia kalamu ikiandika.

Saa sita mchana Mrutu aliizima seva ya zamani. Nje, foleni ya wagonjwa haikujua chochote. Mlango ulifunguliwa, jina likaitwa, mtu akaingia, na yule muuguzi mgeni akainama kwenye kioo, akasoma, kisha akainua uso na kumwuliza mwenyewe.

Basi wewe unayejisifu kwamba maisha yako hayana pengo, ni mangapi ndani yake uliyoyajua kweli, na ni mangapi uliyoyajaza tu ili usiulizwe?