Bibi Kalunde na Harusi ya Mbugani

Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, palikuwa na kijiji kando ya mbuga pana, tambarare kama sinia. Hapo aliishi Bibi Kalunde, kikongwe mcheshi asiyekosa harusi hata moja.

Siku hiyo walikuwa wakimpeleka mjukuu wake, Minza, kwa mumewe ng'ambo ya mbuga. Waliondoka alfajiri. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Ngoma mbele, vigelegele nyuma, Bibi Kalunde katikati, furaha imemjaa.

Walipofika kati ya mbuga, mbingu ikanuna. Ngururururu! Mti ulikuwa mmoja tu, mgunga mrefu. Vijana wakaukimbilia. Bibi Kalunde akawarudisha. Akawaambia waiweke mikuki yao mbali, washuke penye mwinamo, wachuchumae kila mtu mbali na mwenzake. Watu wakanung'unika. Minza naye akalia kwamba atafika kwa mumewe ameloa chepechepe.

"Nguo itakauka, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Chuchumaa."

Wakachuchumaa. Mvua chwaaa! Mara radi, paa! Mgunga ukapasuka katikati, ukafuka moshi. Manung'uniko yakaisha.

Mvua ikakatika, ukungu ukashuka. Mtu haoni hata kiganja chake. Kwa mbali wakasikia ngoma za watu wa bwana harusi: ti-ti-ndi, ti-ti-ndi. Vijana wakataka kuzifuata. Bibi Kalunde naye alitamani kufika, miguu ilimuuma na baridi ilimwingia mifupani. Lakini akaketi pale pale topeni.

"Ngoma naisikia," akasema. "Njia siioni. Siendi."

Minza akaketi kando yake. Basi wote wakaketi. Bibi akaanzisha wimbo wa harusi, wakaitikia. Wakaimba, wakaimba, wakaimba, mpaka jua likapenya.

Ukungu ulipoinuka, wimbo ukakatika wenyewe. Hatua ishirini mbele yao ardhi ilikuwa imemeguka kwa mvua, korongo refu, kina cha watu watatu. Na ng'ambo yake, bwana harusi Masele na watu wake, waliokuja kuwalaki kwa ngoma, walikuwa wameketi vilevile, vyungu vya chakula mapajani, wakiungoja ukungu uondoke.

Watu wa Masele wakalizunguka korongo, wakaja. Hakuna aliyetaka kungoja zaidi. Harusi ikachezwa papo hapo mbugani, na Bibi Kalunde akacheza mpaka tope likamkaukia miguuni, huku Minza akicheka hadi machozi.

Tangu hapo, watu wa kijiji kile wakimwona mzee ameketi ukunguni, nao huketi.

Na ninyi mnaonisikiliza, radi ikinguruma, uacheni mti ulio peke yake. Ukungu ukishuka, tulieni. Sherehe itawangoja.

Ngano yangu nimeitua hapo. Anayeitaka na aibebe.